Waliomsoma Fawziya

Kwa zaidi ya miaka ishirini Fawziya binti Khelef alipokea simu katika hospitali moja ya Ibra. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya mashine, kusikiliza nani anamtaka nani, na kumuunganisha. Watu walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Siku moja alikuwa akiuliza bei ya ndimu sokoni, mwanamke asiyemjua akageuka na kumwambia, "Wewe si wa simu wewe? Ndiwe uliyenipeleka wodini siku aliyozaliwa mjukuu wangu!" Naye akamuuliza huyo mjukuu sasa yuko darasa la ngapi.

Alistaafu, na haukupita mwaka mumewe Anas akafariki. Binti yao Lamees, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha pale pale Ibra, alidhani mama yake atakaa kitako asinyanyuke. Haikuwa hivyo. Fawziya alinunua karatasi, akakaa meza ya jikoni kila asubuhi baada ya chai, akaandika. Alikuwa akitunga kichwani tangu msichana mdogo huko Unguja, lakini hakuwahi kumsomea mtu, kwa sababu nyumba yao ilikuwa tayari ina mshairi.

Mshairi huyo ni kaka yake, Marhoun. Alikuwa amemzidi miaka michache, afisa mstaafu wa serikali, na nyumba yake iko Nizwa. Kwa Waswahili wa Omani jina la Marhoun lilikuwa kubwa. Pakiwa na arusi, alitunga. Akifa mtu wa heshima, alitunga. Beti zake zilisimama wima, mizani haipungui wala haizidi, na akisikia mwengine amevunja kina hufyonza meno kama mtu aliyeuma kijiwe ndani ya wali. Vijana wakichanganya maneno, yeye ndiye anayewasahihisha. "Kiswahili kina adabu zake," husema.

Alichoandika Fawziya hakikuwa na vina wala mizani. Aliandika anavyohema. Aliandika juu ya mlima unavyobadilika rangi, juu ya upweke wa mjane, juu ya shamba la Anas kule Birkat al Mauz, lenye migomba na mitende, ambako maji ya falaji, mfereji wa pamoja, huja kwa zamu na kila mwenye shamba hungoja saa yake afungue mfereji. Shairi moja lilianza hivi:

*Maji yamefika, Anas.*
*Migomba imeinama kuyapokea.*
*Nani nimwambie afungue?*

Lamees ndiye aliyeyapiga chapa mashairi hayo na kuyapeleka kwa mchapishaji Unguja. Kikarudi kitabu chembamba chenye jalada la kijani, *Zamu ya Maji*, na chini yake jina lake lote. Fawziya akampelekea kaka yake nakala kwa mkono wake. Marhoun akaipokea, akaipindua nyuma na mbele, akasema, "Hongera, dada. Karatasi yake nzuri." Akakiweka rafuni. Ijumaa iliyofuata walikula pamoja kama kawaida yao, na ile ya pili yake pia, na kitabu hakikutajwa.

Wa kwanza kuandika juu ya kitabu hicho alikuwa Dakta Adham, mwalimu wa fasihi, Mpemba, ambaye Fawziya hakumjua kabisa. Makala yake ilitoka katika gazeti la Unguja, ukurasa mzima. Alimsifu sana. Alisema kwa muda mrefu ushairi wa Kiswahili ulikuwa ukingoja sauti ya ulimbwende, na sasa imepatikana, tena imetoka bara la Omani, mbali na pwani. "Fawziya," aliandika, "ni mlimbwende kamili."

Picha ya makala ikazunguka katika simu za jamaa. Kabla ya adhuhuri simu ya Fawziya ikalia. Alikuwa Tahani, binti ami yake, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Fawziya! Huyo mwanamme ni nani anayekwita mlimbwende gazetini?"

"Ni mwalimu. Amekisifu kitabu."

"Kukusifu ndiyo kukwita mlimbwende? Mwanamke mjane, una wajukuu! Mlimbwende ni wa kujipara na kujitia manukato apite barabarani. Marhoun ameona?"

"Sijui."

"Ataona. Wallahi ataona."

Fawziya alimngoja Lamees arudi chuoni, akamwekea mbele simu yenye picha ya makala. Lamees alisoma Kiswahili kwa kidole, polepole, maana alikulia katika Kiarabu na Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia. Akafika mwisho akacheka.

"Hapana, Mama, si matusi. Hii neno ni ya vitabu. Walikuwa na washairi Ulaya, yaani, kama miaka mia mbili nyuma. Waliandika moyo, milima, kukaa peke yako, mtu kumkumbuka mpenzi wake. Hao ndiyo Kiswahili wanaita ulimbwende."

"Neno hilo," Fawziya akamsahihisha bila kufikiri.

"Neno hilo. Mimi nawasomesha watoto hao washairi kila mwaka."

"Na watu wa wakati wao waliwapenda?"

"Wengine waliwapenda. Wengine magazeti yaliwachana sana, Mama, vibaya. Na wale walioandika magazetini hawakutia majina. Mshairi anasoma anatukanwa, hajui nani anamtukana."

Fawziya akampigia Tahani na kumweleza. Tahani akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi wangetafuta neno jengine."

Kilichomkera Fawziya mwenyewe katika makala ile si neno. Dakta Adham alikuwa ameandika aya tatu juu ya shairi la maji, akisema migomba iliyoinama ni watu waliong'olewa kwao, na mfereji uliofungwa ni historia. Fawziya alilisoma jambo hilo mara kadhaa. Yeye alikuwa na maana ya Anas, na kandambili zake za buluu alizoziacha kwenye ukingo wa mfereji. Lakini mtu alikuwa amekaa kitako akalifikiria shairi lake aya tatu nzima, na hilo halijawahi kumtokea. Akaihifadhi ile makala.

Mwezi mmoja baadaye ikatoka ya pili.

Kulikuwa na jarida la Waswahili wa Omani, la kusomwa kwenye simu, likiitwa Ukumbi, na mhariri wake alikuwa Khattab, kijana wa Maskati mwenye adabu. Safari hii makala haikuwa na jina la mtu. Mwandishi alijiita Kurunzi. Ilikuwa fupi, na ilikuwa na makali.

"Mashairi haya," aliandika Kurunzi, "hayana vina, hayana mizani, na mengine hayana haya. Mtungaji analia kila ukurasa, kama birika lililosahauliwa jikoni. Tunaambiwa huu ni ulimbwende. Zamani tulikuwa tukiuita kudeka." Kisha akafika kwenye shairi liitwalo "Sokoni". Hapo Kurunzi hakufanya mzaha tena. Alisema kuna mambo ya nyumba yanayokaa ndani ya nyumba, na mwenye kuyaanika mbele ya wapita njia hajatunga kitu, amefitini tu.

Shairi hilo lilikuwa juu ya mwaka wao wa kwanza Ibra. Walikuja kutoka Unguja yeye, kaka yake na mama yao, na mama hakuwa na Kiarabu zaidi ya kile cha sala. Watu wa mji walikuwa wakiwacheka waliotoka Afrika kwa namna wanavyosema. Marhoun alikuwa kijana anayetafuta kazi ya serikali, anataka aonekane mtu wa hapa. Siku moja wakaenda sokoni wote watatu.

*Mmoja wetu alisema: usimwite Mama hapa.*
*Nikafunga mdomo.*
*Mama akapotea baina ya mafungu ya vitunguu,*
*akituita kwa majina yetu,*
*na sisi hatukuwa na majina.*

Lamees alipoisoma makala ya Kurunzi alisimama katikati ya jikoni na mkoba wake bado begani.

"Nani huyu? Hata jina hana! Nitampigia Khattab sasa hivi, atuambie."

"Usimpigie."

"Mama, amekutukana!"

"Nimesema usimpigie, mwanangu. Kaa, ule."

Alikuwa ameshajua. Alipofika kwenye birika, kwanza alicheka, kicheko cha ghafla kilichomtoka mwenyewe, kisha akakiweka kile kisimu mezani na kukitazama. Birika lililosahauliwa jikoni yalikuwa maneno ya mama yao. Kila mmoja wao alipolia utotoni, mama alimwambia nyamaza, usilie kama birika lililosahauliwa jikoni. Hakupata kuyasikia kwa mtu mwengine yeyote, si Unguja wala Omani. Mama alikuwa amekufa, na waliobaki kuyajua maneno hayo walikuwa wawili.

Hakumwambia mtu. Katika makundi ya simu watu walibishana wiki nzima. Wengine wakasema Kurunzi kasema kweli, siku hizi kila mwenye huzuni anajiita mshairi. Mwanamke mmoja wa Sur alituma ujumbe wa sauti akilia, akisema yeye ndiye yule aliyefunga mdomo, ila kwake haikuwa sokoni Ibra, ilikuwa skuli. Tahani akasema haya ndiyo aliyoyaogopa. Marhoun hakuandika neno. Mtu mmoja alimuuliza mbele ya wote maoni yake kama bingwa, naye akajibu kwamba dada yake ni dada yake, asiulizwe.

Fawziya aliacha kuandika. Asubuhi alikunywa chai, akaosha kikombe, akatazama karatasi. Kila mstari uliokuja, alisikia yale meno yakifyonzwa. Siku nyengine alipanda gari akaenda Birkat al Mauz kutazama shamba, akakaa chini ya mgomba, akasikiliza maji yakipita kwenda kwa wengine. Aliudhika, lakini si kwa sababu ya vina. Kuhusu vina alijua kaka yake anaamini anachosema. Lililomuuma ni kuwa walikuwa wakila pamoja. Ijumaa baada ya makala kutoka, Marhoun alimtilia mchuzi sahanini kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia ale, amekonda.

Akavumilia mpaka baridi ilipoingia. Ijumaa moja akaenda Nizwa peke yake, akamkuta kaka yake amemaliza kula, amekaa sebuleni na kahawa na tende.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona umechelewa? Chakula kimepoa."

"Nimeshakula." Akakaa. "Nimekuja kuzungumza na Kurunzi."

Marhoun alikuwa ameshika kikombe. Hakukitua, wala hakunywa. Nje mtu alikuwa akirudisha gari nyuma, na wote wawili wakangoja mpaka likaondoka.

"Umejuaje?"

"Birika."

Mzee yule akafumba macho. "Lahaula," akasema. "Lilinitoka tu. Sikuhisi kuwa ni lake."

"Kwa nini, kaka? Ungeniambia hapa hapa, mimi na wewe. Ungesema, Fawziya, kitabu chako kibaya."

"Na wewe ungeniambia kabla ya kuandika! Ulinianika. Miaka yote hii watu wananiita mlinzi wa Kiswahili, halafu wewe unaandika kuwa mimi ndiye niliyekataza mama asiitwe kwa Kiswahili."

"Sikutaja jina lako."

"Na mimi sikutaja langu."

"Langu lilikuwepo," Fawziya akasema. "Lilikuwa juu ya jalada. Aliyetaka kunipiga alijua pa kunipata."

Marhoun akakitua kikombe, kahawa imo vile vile. Fawziya akamwonea huruma, akaikasirikia huruma yenyewe.

"Sikuombi unisifu," akamwambia. "Sikuombi useme nina vina. Andika tena, utie jina lako. Ukisema kibaya, kiwe kibaya cha Marhoun bin Khelef. Hicho nitakipokea."

"Siwezi."

"Basi nitangoja."

"Fawziya, mimi ni mtu mzima sana kwa mambo haya."

"Na mimi si mtoto," akasema, akanyanyuka, akambusu kichwani kama ilivyo desturi, akaondoka.

Ijumaa zilizofuata hakwenda Nizwa. Lamees aliuliza, akaambiwa barabara inamchosha. Ramadhani ikaja ikapita. Siku ya Idi Marhoun alituma salamu kwa simu, za kawaida, zile zile alizowatumia wote. Fawziya akajibu za kawaida.

Ilikuwa joto limeanza kushika Lamees alipoingia nyumbani akisoma simu yake mlangoni, akasahau hata kuvua viatu. "Mama. Mjomba ameandika kwenye Ukumbi juu ya kitabu yako."

"Chako."

"Chako, chako! Sikiliza!" Akakaa sakafuni kando ya kiti cha mama yake, akasoma kwa sauti, akijikwaa kwenye maneno mazito, na Fawziya akimsaidia kwa yale aliyoyakisia.

Marhoun bin Khelef hakuwa amebadilika. Aliandika kwamba yeye bado haoni kwa nini mtu aache mizani iliyobeba lugha hii muda wote huo. Alisema mtungaji huyu ana haraka. Mahali pengi anaukata mstari kabla haujaiva, na mashairi manane katika kitabu yangekaa ndani kwanza. Akayataja. Kisha akasema shairi la maji ni zuri, na kwamba wanaotafuta historia ndani yake wangemuuliza kwanza mtungaji, kwa sababu yeye alimjua Anas na alipata kuziona kandambili zake pale ukingoni mwa mfereji.

Halafu akaja kwenye "Sokoni".

"Nimelisoma shairi hili mara nyingi kuliko nilivyotaka," aliandika. "Yule aliyesema usimwite ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa nikimwonea haya mama yangu. Mtungaji amesema kweli. Ila kuna alilolikosa. Yeye alikwenda kusimama langoni akilia. Mimi nilirudi ndani. Nilimkuta Mama penye vitunguu, nikamwita kwa Kiswahili, kwa sauti, watu wakacheka, nikachukua kapu lake. Sisemi hivi ili nisamehewe. Nasema kwa kuwa lilitokea."

Lamees aliacha kusoma. Mama yake alikuwa ameweka mkono juu ya mdomo.

"Ni kweli, Mama? Alirudi?"

"Sikumbuki," Fawziya akasema. "Nakumbuka lango. Nakumbuka Mama alitoka. Sikupata kujiuliza alitokaje."

Alimpigia simu kaka yake mbele ya binti yake, bila salamu ndefu.

"Kweli ulirudi?"

"Nilirudi."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Ulikuwa hujauliza. Na mimi sikuona fahari ya kulitaja. Mtu hajisifu kwa kumwita mama yake."

Wakakaa kimya simu ikiwa wazi. Fawziya alikuwa hodari wa kukaa kimya kwenye simu. Kisha akamuuliza juu ya yale mashairi manane, na kwa nini lile la mlima limo. Marhoun akamwambia kwa nini. Wakabishana mpaka chai ya Lamees ikapoa, na kwa mawili kati ya hayo Fawziya alikubali kuwa kaka yake ana haki, ingawa hakumwambia siku hiyo.

Asubuhi yake alikaa mezani akaandika.

Makala ya Marhoun yenye jina lake ilisomwa kuliko zile mbili za kwanza. Khattab alisema jarida lake halijapata barua nyingi vile. Wapo waliomlaumu Marhoun kwa kujivua nguo mbele za watu katika umri ule, na wapo wazee wawili waliokwenda kwake Nizwa, wakanywa kahawa, wakamsimulia masoko yao wenyewe. Dakta Adham aliandika tena, akakiri kwa upole kwamba kandambili hakuzijua, lakini akashikilia kuwa shairi likishatoka si la mtungaji peke yake. Fawziya alidhani pengine yuko sahihi hata hapo.

Mchapishaji akataka kupiga chapa ya pili. Lamees alishauri shairi la "Sokoni" liongezwe ubeti mmoja, kijana arudi achukue kapu.

"Hapana," Fawziya akasema. "Hiyo ni habari yake, na ameshaiandika. Mimi niliona lango." Alichotaka ni kuweka nyuma ya kitabu yote waliyoyasema: ya Dakta Adham, ya Kurunzi na ya Marhoun. Akampigia kaka yake kumpa habari.

"Ya Kurunzi itoe," Marhoun akasema.

"Kwa nini? Imeandikwa vizuri. Ile 'hayana vina, hayana mizani, na mengine hayana haya', mimi ningetamani ningeitunga mwenyewe."

Marhoun akacheka kidogo, kwa aibu.

"Chini yake utaweka jina gani?" akauliza.

"Lile uliloliweka wewe."

"Weka langu," akasema.

Kitabu cha chapa ya pili kilipofika Ibra, Tahani alikuja kuchukua nakala yake. Alianza kukisoma kwa nyuma, kama alivyosoma kila kitu, amesimama barazani na miwani kwenye ncha ya pua. Alipofika chini ya makala ya Kurunzi akanyanyua kichwa.

"Kumbe ni Marhoun? Na Ijumaa zote zile mlikuwa mkila pamoja?"

"Tulikuwa tukila," Fawziya akasema, akamkaribisha ndani.